Kete nyeusi si adhabu

Bwana Mhariri,

Katika habari yenu ya mashindano ya sataranji ya wanafunzi, mwandishi alisema kijana aliyeshindwa fainali alikuwa na bahati mbaya ya kupewa kete nyeusi. Maneno hayo yamenitia kazini. Jioni, nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza redio, nafundisha vijana sataranji kwenye lupango, yaani uani kwa nyumba, hapa Katuba. Tangu gazeti lile lisomwe mtaani, kila ninapogawa kete nasikia: "Papa, nyeusi hapana!"

Mweupe huanza, na kuanza kuna faida yake, sikatai. Lakini mwandishi wenu aitafute mechi ya 16 ya kugombea ubingwa wa dunia, Moscow, Oktoba 1985. Karpov, bingwa tangu 1975, alikuwa na nyeupe. Mpinzani wake Kasparov akajibu kwa Sisilia, ufunguzi wa mweusi, na hatua ya nane akasukuma askari wake hadi mraba wa d5 akijua anamtoa bure. Hatua ya 16 farasi wake akaketi d3, ndani kabisa kwa Karpov, na hakuna aliyeweza kumfukuza. Pangeni kete muone wenyewe: ngome za mweupe haziwezi kukanyaga c1 wala e1, farasi wake mmoja amebanwa b1, mwingine ametupwa pembeni a4. Kete zote hizo zipo ubaoni, hazina kazi! Hatua ya 34 Karpov akamla farasi yule kwa malkia. Papo hapo farasi wa pili wa Kasparov akaruka f2, akamshika mfalme na malkia kwa mpigo mmoja. Hatua ya 40 mweusi alikuwa ameshinda.

Wajuzi watasema mbinu ile ya kumtoa askari ina dawa. Ni kweli, na Karpov mwenyewe aliionyesha mwaka uliofuata huko Brussels. Ila siku ile, mbele ya saa inayokimbia, bingwa wa dunia hakuiona. Sasa mwanafunzi wa sekondari angeiona wapi?

Naomba mtuchapie mechi hiyo. Hatua 40 hazimalizi hata nusu ya ukurasa mnaowapa Mazembe na Lupopo, timu zetu za soka, kila wiki, na vijana wangu wengi hawana megabaiti za kuitafuta kwenye simu. Na mkichora ubao, tafadhali wekeni nyeusi upande wa chini.

Fundi redio,
Katuba, Lubumbashi