Shukrani kwa kaka wa steshenari, Mwenge

Kaka yangu, jina lako sikuwahi kuuliza, ila asante sana. Mwaka mzima wa semina zetu za hisabati pale Mlimani umepita mikononi mwako: matangazo, vitini, na mabango ya tarehe 14 Machi, Siku ya Kimataifa ya Hisabati iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2019. Siku ya kitini cha uthibitisho wa Euclid, kwamba namba tasa hazina mwisho, umeme ulikatika kurasa zikiwa nusu. Ukawasha jenereta, ukachapa zote, ukabana pini nakala moja moja. Hela ya mafuta ukaikataa! Tena ukauliza, "Kwa hiyo kubwa kuliko zote haipo?" Semina nzima hakuna aliyeelewa haraka hivyo, nakwambia. Mungu akuzidishie. Ratiba ya mwaka mpya naileta Jumatatu, wino uwepo.