Kutu isiwe sababu ya kuitoa bastola kwenye kasha

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wa Mombasa, na Pwani kwa jumla, walio na leseni ya kumiliki bastola. Jambo hili kwa kawaida hatulitaji hadharani, kwani mwenye silaha nyumbani hapendi majirani wajue, na ndiyo maana kila mmoja wetu hujifunza peke yake, wengine kwa hatari kubwa.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwenye cheti kuihifadhi silaha yake mahali salama, asipoweza kuifikia mtu asiyeruhusiwa. Wengi ninaowajua walinunua kasha la chuma ili watimize sharti hilo. Matatizo huanza baadaye. Masika yakishapita, mtu hufungua kasha akaikuta bastola imeota madoa ya kahawia, akaamua kwamba kasha ndilo linaloiharibu. Basi huitoa akaiweka chini ya mto, au juu ya kabati, ili "ipate hewa", na kasha likabaki kutunza hati za shamba.

Mimi nilifanya vivyo hivyo. Doa la kwanza nililoliona lilikuwa la kidole gumba changu mwenyewe, ubavuni mwa bastola, mistari yote ya ngozi imejichora kwa kutu kama ile tunayoacha tunapochukuliwa alama za vidole. Nilikuwa nimeishika kwa mkono wenye jasho, nikairudisha katika mkoba wake wa ngozi, nikafunga kasha na nisilifungue tena kwa muda wa wiki sita za masika. Iliniuma sana, nikaihamishia katika kabati la nguo, chini ya mashuka, magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, ikiwa na risasi zake. Niliamini kwamba ni mimi na mke wangu tu tuliojua ilipo.

Siku moja niliipeleka kwa fundi mwenye kibali ili aisafishe. Jioni mjukuu wangu wa miaka saba akanijia barazani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Babu, ile bastola umeihamisha? Haiko tena kwenye mashuka." Nguvu zilinitoka. Sikuwahi kumwonyesha, wala mama yake hakuwahi kuiona. Hadi leo sijui aliigusa mara ngapi, na sikuthubutu kumhoji sana siku ile kwa kuogopa jibu.

Kwa hiyo ninalosema ni hili: kutu ina dawa yake, na dawa hiyo si kuitoa silaha nje ya kufuli. Kasha halizalishi kutu. Linachofanya ni kufungia ndani hewa ile ile tunayoivuta, na hewa yetu ina maji na chumvi. Tunaona inavyoyala mabati ya paa na vyuma vya madirisha kuanzia Nyali hadi Likoni. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuushikilia juu ya chuma, ndiyo sababu silaha iliyokaa miaka kumi bara bila doa inaweza kuharibika hapa kwa msimu mmoja.

Kinachotakiwa ni kulikausha kasha. Weka ndani yake vifuko vya silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, vikubwa kuliko vile vinavyokuja na viatu, pamoja na kipima unyevu kidogo. Ukiweza kushikilia kiwango kati ya asilimia 40 na 50, umefaulu. Silika si ya kuweka na kusahau, kwani hushiba maji. Zile zenye rangi ya buluu hugeuka waridi zikishiba, nawe huzikausha katika joko kwa moto wa kiasi cha nyuzi 120, kisha ukazirudisha. Mlango wa kasha usipofunga barabara, silika hiyo itakuwa inajaribu kukausha Bahari ya Hindi.

Mahali pa kasha napo pana maana kubwa. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta zinazonyonya unyevu na chumvi, na sakafu ya saruji hupandisha maji hata kwenye nyumba mpya. Lifunge kasha kwa bolti za chuma cha pua kwenye ukuta wa ndani, si ule unaotazama bahari, na uache kipande cha mbao katikati. Wenye viyoyozi wawe macho zaidi: umeme ukikatika, hewa ya nje ikaingia chumba kilichopoa, chuma hutoka jasho kama chupa ya soda.

Mkoba wa ngozi ni wa kubebea, si wa kuhifadhia. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuisindika hula chuma. Hata risasi zikikaa humo huota ukungu wa kijani. Sponji la ndani ya sanduku la kubebea bastola lina kasoro hiyo hiyo ya unyevu. Mafuta nayo yawe ya silaha, yenye kinga ya kutu, yapakwe kidogo kwa kitambaa safi hadi uone mng'ao mwembamba tu. Nimeona mtu akitumia mafuta ya nazi. Mafuta ya kupikia huganda na kunata, na bastola hukwama. Ukishamaliza, usiiguse tena kwa mkono mtupu.

Ila kabla ya kitambaa na mafuta kuna jambo la kwanza, na hapa naomba nisomwe polepole. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Toa magazini kwanza, ndipo uvute nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, uichungulie chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu, kwa macho na kuipapasa kwa kidole. Mwenye kuvuta slaidi kabla ya kutoa magazini huitoa risasi moja, na slaidi ikirudi huingiza nyingine, naye anaamini bastola ni tupu. Risasi zifungiwe mbali na bastola. Ufunguo usitundikwe pamoja na wa gari, na namba ya kufungulia isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, kwa sababu mtoto anaujua.

Kwa wanaohusika na leseni, na kwa maduka yaliyoidhinishwa kuuza silaha, nina ombi moja. Mkazi wa Pwani anapokuja kununua bastola au kuhuisha cheti, aulizwe kasha lake liko ukuta gani na analikausha vipi, na muuzaji ampe kipima unyevu na vifuko vya silika pamoja na bastola yenyewe. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya bastola. Mimi nilipewa bastola, risasi na risiti.

Babu mwenye leseni,
Tudor, Mombasa