Nimempa mama wa watu barua ya onyo, kumbe hedhi ndo inakoma

Shangazi shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 33, niko Tabora mjini, nasimamia watu tisa sehemu tunayofungasha asali.

Kuna mama mmoja hapa kazini ana miaka 50, mkongwe kuliko wote, mimi mwenyewe yeye ndo kanifundisha kuitambua asali iliyovunwa haijaiva. Tangu mwezi wa nane kabadilika, anaacha asali inachujika anatoka mbio, anakaa chini ya mwembe anajipepea na kitenge, akirudi jasho linamtiririka shingoni, lebo anakosea, mara mbili kasahau kuandika uzito. Na Tabora mwezi wa kumi joto unalijua, halafu kile chumba madirisha hatufungui maana nyuki wakinusa asali wanajaa humo ndani, na juu yake uvae aproni na kofia. Mi nikaona ni uzembe, nikamwandikia onyo.

Hakubisha. Aliniita pembeni akasema taratibu, "mwanangu, siku zangu zinakoma, usiku silali, mwili unawaka moto." Nilikosa pa kuangalia, yule ni umri wa mama yangu mzazi.

Nikamuuliza dada yangu ambaye ni nesi, akasema huo si ugonjwa, ni homoni zinashuka, wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55 na inaweza kuwasumbua miaka kadhaa, joto linapanda ghafla baada ya dakika chache linapoa, hata kusahau kumo, na dawa za kupunguza makali zipo ila aonwe na daktari kwanza. Yaani mi kuhusu wanawake kazini nilichokuwa najua ni zile siku 84 za likizo ya uzazi basi.

Feni nimeshamwekea, na nataka nimpangie aanze saa 12 asubuhi kabla jua halijawaka. Ila wenzake wanalalamika kwa nini yeye apumzike na wao wasipumzike, na siri yake siwezi kuitoa. Nimewaza wote niwape dakika kumi za kutoka nje kila baada ya saa mbili, sijui itatosha?

Kinachoniumiza zaidi ni ile barua. Iko kwenye faili lake, mkurugenzi kaiona, nikitaka kuifuta ataniuliza sababu. Nimwambie nini bila kumvunjia mama heshima? Na yeye mwenyewe nimuulizeje anahitaji nini, mimi mtoto wa kiume? Nilitaka nimtume mama wa stoo akaongee naye, nikaogopa ataona nimemtangaza.

Mafaili yanapitiwa mwisho wa mwezi, naomba unijibu kabla.

Msimamizi, Tabora