Kuhusu tathmini ya mradi wa ajira na ujasiriamali kwa vijana

Ndugu wanakikundi, kabla hatujaanza kuwahoji vijana, naomba tukumbuke yaliyoonekana kaskazini mwa Uganda, ambako vikundi vya vijana vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu vilipewa ruzuku mwaka 2008 ili kujifunza ufundi na kununua vifaa: baada ya miaka 4 kipato chao kilizidi cha wenzao waliokosa kwa asilimia 38, lakini baada ya miaka 9 pengo hilo lilikuwa limefifia. Kwa hiyo tusiridhike kuhesabu vyeti. Tuwatafute hata walioacha mafunzo njiani, hasa mabinti wanaolea watoto wadogo, tuwaulize kwa upole wanaishije sasa. Orodha ya maswali nitaituma kesho jioni. Atakayeona swali linalomdhalilisha kijana tafadhali aniarifu mapema.