Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Bakteria wa Bogoria watunzwe hapa nyumbani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nakuru, si mbali na Ziwa Bogoria, ambako wageni huchemsha mayai katika chemchemi zinazotokota. Yai huganda kwa sababu joto huzikunjua protini zake. Lakini kandokando ya maji hayo wanaishi bakteria ambao protini zao hustahimili joto kali pamoja na magadi. Kuhusu bakteria hao nina ombi moja.

Mwaka 1969, Thomas Brock na Hudson Freeze walieleza kisayansi bakteria aitwaye Thermus aquaticus, waliyempata katika chemchemi za Yellowstone, Marekani. Kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, kilirahisisha kipimo cha PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, ambacho hupasha DNA moto hadi nyuzi 95 hivi katika kila mzunguko, joto ambalo vimeng'enya vya kawaida haviwezi kulihimili. Bakteria wa maziwa yetu ya magadi nao wamekwisha kutoa vimeng'enya vinavyouzwa ng'ambo kwa ajili ya kufulia nguo na kupausha jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilidai sehemu ya mapato hayo.

Kazi yenyewe, Mheshimiwa, haituzidi uwezo. Jeni ya kimeng'enya huhamishiwa ndani ya E. koli, bakteria wa kawaida wa maabara, ambao hukua upesi katika nyuzi 37. Wakishaongezeka hupasuliwa, kisha mchuzi wao huwekwa katika maji ya nyuzi 70 kwa nusu saa hivi. Protini za E. koli huganda kama ute wa yai lile la Bogoria, ilhali kimeng'enya tunachokitaka hubaki kimeyeyuka, na mashine ya kuzungusha hukitenga na uchafu ulioganda. Hatua hiyo moja huondoa sehemu kubwa ya protini zisizotakiwa, na vifaa vyake vikuu ni beseni la maji moto na mashine hiyo. Viwanda vya ngozi, vinavyonyoa manyoya kwa chokaa na salfaidi na kuchafua maji, vingefaidika na kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya magadi.

Kinachotukwamisha ni hifadhi. Katika maabara niliyowahi kufanyia kazi, umeme ulikatika Ijumaa jioni, na kufikia Jumatatu bakteria tuliowakusanya kwa miezi mingi walikuwa wamekufa. Nilisikitika sana, kwa kuwa baadhi yao hatukuwa tumewachunguza hata mara moja.

Naomba basi wizara yako igharamie hifadhi ya taifa ya bakteria hawa hapa Nakuru, yenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, jenereta ya akiba, na daftari la wazi linaloonyesha kila sampuli ilichotwa wapi, na nani, na kwa kibali gani. Jamii ya Endorois, ambayo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kuitambulia haki yake juu ya ardhi ya Bogoria, ipewe kiti katika bodi ya hifadhi hiyo tangu siku ya kwanza.

Wako mwaminifu,
Fundi wa maabara, Nakuru