Anayeanza fidla aanze na wimbo anaoujua

Mhariri,

Msomaji wa Nachingwea aliuliza kwenye ukurasa huu afanyie mazoezi nyimbo gani, maana amepata fidla na mwalimu hana. Aliyemjibu akamwambia atafute vitabu vya Ulaya, aanze ukurasa wa kwanza, asiguse kingine. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho hapa Mtwara. Jioni najifunza fidla, Jumapili naimba besi kwaya. Jibu lile silikubali.

Gitaa lina vile vyuma vilivyokatiza shingo yake. Ukibonyeza katikati yake, sauti inatoka ilivyo. Fidla haina alama yoyote. Kidole kikisogea upana wa punje ya mchele, sauti imeshapanda au imeshuka, na wa kukwambia ni sikio lako tu. Sasa sikio litasahihishaje wimbo lisioujua? Hata Shinichi Suzuki, yule Mjapani ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosifiwa sana, alitaka mtoto asikilize nyimbo zile kila siku nyumbani kabla ya kuzipiga. Huku kwetu mtu hupewa karatasi za fotokopi, wimbo wenyewe hajawahi kuusikia hata redioni, kisha anaambiwa hana kipaji.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nachingwea, chukua wimbo unaoweza kuuimba ukiwa unaoga. Wa kanisani, wa madrasa, wa watoto wanaozunguka wameshikana mikono, wowote. Ila uchuje, maana si kila unaoujua utafaa.

Wanakwaya tuna bahati ya solfa, yaani kuziita noti do, re, mi, fa, so, la, ti. Nyuzi nne za fidla, kuanzia mnene hadi mwembamba, ni G, D, A na E. Fanya uzi wa D kuwa do, bila kubonyeza. Kidole cha kwanza, yaani cha shahada, ni re, cha pili mi, cha tatu fa, na hicho cha tatu kinabanana na cha pili. Hamia uzi wa A: mtupu ni so, kisha la, ti, do ya juu, vidole vikikaa vilevile kama kule kwenye D. Oktavu nzima kwa mpangilio mmoja wa vidole! Wimbo usiotoka nje ya do hizo mbili ndio wa kuanzia. Ukishuka chini ya do unaingia uzi wa G, na huko ti inataka kidole cha tatu kitanuke mbele, jambo ambalo mkono mgeni haulitaki. Kitabu chako cha kwaya kikisema do ni F, usikifuate, maana kidole cha kwanza kitalazimika kurudi nyuma kwenye uzi wa A lakini si kwenye D, na utachanganyikiwa bure. Imba palepale kwenye D yako. Ukiwa peke yako chumbani hakuna soprano wa kulalamika.

Upinde nao una masharti yake. Tafuta wimbo wa noti ndefu, silabi moja mvuto mmoja. Nyimbo za ngoma zetu, sindimba ikiwemo, ni tamu lakini mdundo wake utakimbia kuliko mkono wako wa kulia.

Najua wa Mikindani watauliza: na taarabu je? Fidla tumeisikia harusini kabla ya kuiona kanisani, ni kweli. Isikilize kila siku. Lakini taarabu asilia ina makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya noti, zenye sauti zinazokaa katikati ya mi na mi iliyoshushwa, na wapigaji wake huremba kila noti. Mwanafunzi ambaye mi ya kawaida bado inamponyoka atajuaje kama ameipata ile ya katikati au amekosea tu? Hiyo inahitaji mtu wa kukaa naye. Kule Unguja kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinachofundisha hayo tangu 2002. Sisi wa kusini hatuna cha namna hiyo, na hilo ningependa maofisa utamaduni wa Lindi na Mtwara walisome.

Wimbo ukishakaa sawa, usikimbilie mwingine. Upige uleule ukianzia uzi wa A mtupu kama do, so ikiwa uzi wa E. Vidole havibadiliki. Ila uzi wa E ni mwembamba na hewa yetu ya chumvi huuwahi kwa kutu, kwa hiyo ufute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, na uwe na wa akiba.

Karani wa mizani,
Chikongola, Mtwara