Ndege wa Duluti si wa kuitwa kwa spika

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu nikiwa na nywele zote kichwani, na sijawahi kukusumbua kwa barua. Ila ile taarifa ya matembezi ya kuzunguka Ziwa Duluti, hapa kwetu Arusha, yenye picha ya watu wakicheka na simu juu, imenishinda. Mwandishi wako amesifia kwamba ndege wa pale wakiitwa huja. Ni kweli, huja. Nami nimeona wanavyoitwa.

Likizo iliyopita niliwapeleka wajukuu. Tulilipa kiingilio, tukapewa kijana mchangamfu wa kutuongoza, darubini shingoni ambayo hakuiinua tangu tuanze hadi tumalize. Tulipofika upande wenye matete, furukombe dume, yule tai mla samaki, alikuwa juu ya mti mkavu na jike kwenye kiota. Kijana akatoa simu, akaiunganisha na spika ndogo iliyoning'inia kwenye begi lake, akacheza mlio wa furukombe. Sasa, furukombe akisikia mlio wa mwenzake asiyemjua haoni burudani. Anajua kuna mvamizi kwenye eneo lake. Dume akatupa kichwa nyuma, akalia. Jike akatoka kiotani, wakazunguka juu ya maji wakimtafuta adui ambaye yumo kwenye begi la mtu. Watu wakapiga makofi! Kijana akacheza tena. Kisha akarudia, kwa kuwa kuna mama alikuwa bado hajarekodi. Muda wote huo kiota kiko wazi, na kenge wa pale wanajua kukwea na wanapenda mayai. Mjukuu wangu wa darasa la tatu akaniuliza, "Babu, mbona wamekasirika?" Mtoto kaona, mwenye kitambulisho cha kazi hajaona. Nilipomsogelea kumweleza, akanijibu kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee, lakini wateja wanataka kuona."

Kuona nini? Hatua chache tu kutoka pale, mdiria alikuwa juu ya tete na kisamaki mdomoni, anakipigapiga kwenye bua kabla ya kukimeza. Hakuna aliyegeuka, maana huyo hakuwemo kwenye simu.

Na kwa kuwa nimeshataja spika: siku za mapumziko watu wanashuka pale na maspika makubwa kama makabati, wanachoma nyama, na mbega wanahamia upande wa pili. Wakiondoka wanaacha chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, tukashangilia, chupa za maji zikabaki zinatamba. Duluti ni shimo la volkeno, hakuna mto unaotoka humo kwenda kokote. Chupa ikiingia majini haina pa kwenda. Hata sisi kwenye matembezi tuligawiwa chupa kila mmoja, na njiani sikuona pipa la taka. Yangu niliirudisha nyumbani kwa daladala, nikiwa nimebanwa na magunia ya nyanya, maana ilikuwa Jumamosi ya soko la Tengeru.

Pendekezo langu ni jepesi. Getini iwekwe ndoo yenye mfuniko. Spika zote ziingie humo, ndogo kwa kubwa, na ndoo akabidhiwe mama anayeuza ndizi nje, ambaye namwamini kuliko wote niliowakuta ndani. Kila anayetaka kazi ya kuongoza wageni kwanza akaketishwe kando ya maji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, bila simu, kisha aeleze ameona nini. Asiyeweza kutaja hata ndege watano akauze vocha. Huo mtihani naweza kuusimamia mwenyewe, bure. Mwandishi wako naye aje. Nauli ya kutoka mjini nitamlipia.

Mwalimu mstaafu,
Usa River, Arusha